Tuache kuusingizia utamaduni

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Nimechoka na makala zinazosema nchi zetu haziwezi kushindana kiuchumi kwa sababu ya utamaduni wa watu wake, ati hatujali muda, hatuweki akiba, ndugu akija tunagawa kila kitu. Anayeandika hivyo sidhani kama ameshawahi kusubiri kontena bandarini huku riba ya benki inatembea.

Hebu tuangalie Korea. Baada ya vita ya miaka ya 1950 Korea Kusini ilikuwa maskini kweli, na wasomi wengi tu walilaumu mafundisho ya Konfusio, yule mwanafalsafa wa kale wa China, ati yanadharau biashara na yanafanya watu waogope wakubwa. Uchumi ulipopaa, mafundisho yale yale yakageuka kuwa siri ya mafanikio, sasa yanaleta nidhamu na kupenda elimu! Na Kaskazini je? Mababu wale wale, lugha ile ile, wamegawanywa 1945 tu, mbona wao hawauzi magari na simu dunia nzima?

Lakini mfano unaonikaa zaidi ni Bangladesh. Mwaka 1979 kampuni ya Desh Garments ilipeleka wafanyakazi kama 130 Korea Kusini, kwenye kiwanda cha Daewoo pale Busan, wakakaa miezi kama sita wakijifunza kushona, kukagua ubora, kupanga laini ya uzalishaji na kutafuta soko, wakarudi, na ndani ya miaka michache wengi wao wakatoka wakaenda kuanzisha au kuendesha viwanda vingine, leo nchi hiyo ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani. Miezi sita haibadilishi dini ya mtu wala malezi ya mama yake. Ila serikali nayo, na hapa ndo watu huwa wanaparuka, iliruhusu vitambaa viingie bila ushuru vikae kwenye maghala ya forodha mradi nguo zitoke nje, na benki zikakubali oda ya mnunuzi wa nje iwe dhamana ya kununulia vitambaa, kwa hiyo hata mwenye mtaji mdogo aliweza kuanza. (Usalama wa mafundi wenyewe, hasa baada ya Rana Plaza, jengo lenye viwanda vya nguo huko huko Bangladesh, kuporomoka 2013 na kuua zaidi ya watu 1,100, unataka barua yake.)

Sisemi utamaduni si kitu. Ila mfanyabiashara anayeajiri mpwa wake badala ya mtu mwenye cheti mara nyingi amepiga hesabu tu, kesi ya wizi au ya deni itakaa mahakamani miaka, mpwa akiiba anajua pa kumpata. Mahakama zikimaliza kesi haraka, utaona kama hatoajiri mgeni.

Na zile alama za mataifa za Hofstede, mtafiti Mholanzi aliyepima utamaduni wa nchi kwa namba, zinazooneshwa kwenye semina, zilianzia kwenye dodoso za wafanyakazi wa IBM, kampuni moja jamani! halafu mtu anatuambia taifa zima halijui kupanga mambo ya mbele.

Kwa hiyo mhariri, mkituletea tena mtaalamu wa utamaduni, muulizeni kwanza umeme unakatika mara ngapi na kibali cha kusafirisha mzigo kinapita meza ngapi, ndo aje kwenye uvivu wetu.

Msomaji wenu