Mkunga naye anahitaji mtu wa kumsikiliza

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mkunga, huu ni mwaka wa 19 niko leba. Linapotokea jambo baya kwa mama au mtoto, watu huuliza: "Msimamizi alikuwa wapi?" Mimi nauliza akija huja kufanya nini.

Msimamizi wangu wa zamani alikuja asubuhi moja, baada ya mama mmoja kutokwa damu nyingi hadi tukadhani tunampoteza. Tulikuwa wawili zamu nzima. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, tulishachoma, mwenzangu alikuwa anakanda tumbo, mimi natafuta mshipa. Mama alipona, namshukuru Mungu. Msimamizi akafungua patografu, karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama, akaweka kidole kwenye sehemu zilizo wazi: kabla ya mtoto kuzaliwa, mapigo ya moyo wake hayakuandikwa kwa saa nzima, na hutakiwa kila nusu saa. Hapo alikuwa sahihi kabisa. Niliandika maelezo, nikasaini, nikaenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Lililonitesa sikuliandika: nilichelewa kuita msaada kwa sababu niliiona damu ile ni ya kawaida. Ningemwambia nani? Yeye aliyeshika faili langu?

Miaka miwili baadaye alikuja mwingine, mkunga ambaye bado anazalisha. Alikaa nasi baada ya zamu, mlango umefungwa, mikono mitupu. "Nielezeni usiku uliowaelemea." Nikalitoa. Alinipa pole, kisha akapima nusu lita ya maji aliyotia rangi nyekundu, akayamwaga juu ya shuka na pedi, akatuuliza ni kiasi gani. Nilisema mililita 200. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika 500, na hicho ndicho kiwango ambacho mama huhesabiwa anavuja damu kupita kiasi. Tangu siku hiyo tunapima pedi kwenye mizani, na mimi naita mapema.

Uingereza waliweka usimamizi wa wakunga kwenye sheria tangu 1902, na kwa miaka mingi msimamizi huyohuyo alimshauri mkunga na kumchunguza anapokosea. Mwaka 2017 walizitenganisha kazi hizo mbili. Sisi tunangoja nini? Makosa yachunguzwe, tena kwa ukali, maana ni maisha ya watu. Lakini achunguze mwingine, na yanayosemwa kwenye kikao cha kuwasikiliza na kuwashauri wakunga yasiibuke siku ya kupandishwa cheo.

Ombi langu kwa wanaopanga zamu ni saa moja tu ya kikao hicho kwa mwezi, ndani ya muda wa kazi, iandikwe kwenye ratiba kama zinavyoandikwa zamu za usiku. Wiki hii nina binti aliyetoka chuoni juzi. Ananiuliza dozi, ananiuliza fomu. Mtoto akikawia kulia, namwona anavyokunja ncha ya aproni yake, na asubuhi anaondoka bila kusema neno. Saa yake ya kusema haimo kwenye ratiba yetu.

Mkunga wa zamu ya usiku