Barua ya wazi kwa wazazi wa Amu na visiwa: fomu ya karo msimwachie kijana wa saiba

Assalamu alaikum wazazi wenzangu wa Amu (Lamu), Shela, Matondoni, Pate, Siyu, Faza, Kizingitini, na ndugu zetu wa bara kuanzia Mokowe hadi Witu.

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mji hujaa hongera kwa siku chache, kisha linabaki swali moja: karo itatoka wapi? Nawaandikia kwa sababu ya swali hilo. Nimefundisha watoto wa visiwa hivi miaka mingi, na kila mwaka naona vijana waliopata C+, alama ya kuingilia chuo kikuu, na zaidi wakibaki barazani huku wenzao wa bara wenye alama zizo hizo wako chuoni. Mara nyingi serikali ilikuwa na fungu lao. Walilikosa pale habari za nyumba yao zilipoandikwa ovyo, au zilipochelewa kuandikwa.

Wengi wetu bado tunahesabu kwa hesabu ya zamani. Mikopo ya wanafunzi wa chuo kikuu ilianza mwaka 1974, wakati nchi nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi. Mwaka 1991 wazazi wakaambiwa wachangie gharama, na mwaka 1995 Bunge likaunda bodi ya mikopo, hii HELB tunayoijua. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa chuo na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na Hazina ikatuma pesa nyingine moja kwa moja chuoni. Mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi walilipa sawa.

Hilo lilikwisha mwaka 2023. Tangu hapo pesa humfuata mwanafunzi, na kiasi chake hutegemea hali ya kwao. Karo hugawanywa mafungu matatu: ufadhili ambao haurudishwi, mkopo, na sehemu ya mzazi. Familia nazo zimepangwa katika bendi tano. Bendi ya kwanza, ya nyumba zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, ilipangiwa ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, na mzazi alipe asilimia 5. Ya pili inafika kipato cha 23,670, na mzazi hulipa asilimia 10. Ya tatu inafika 70,000, mzazi asilimia 20. Ya nne inafika 120,000, asilimia 30. Anayezidi hapo yuko bendi ya tano, na hulipa asilimia 40.

Mpango huu umeleta kesi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka katiba, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Mwaka 2025 pia serikali ilitangaza kupunguza karo za vyuo vikuu. Kwa hiyo mwenye kijana aulize viwango vya mwaka wake, asishike vya mtoto wa jirani. Mimi kwa upande wangu nauunga mkono msingi wake: asiye nacho asaidiwe zaidi kuliko aliye nacho. Ninachokililia ni kwamba fomu ya kuombea pesa hizi, inayojazwa kwenye tovuti, inamwelewa upesi mtu wa mshahara, na sisi wengi wetu hapa hatuna mshahara.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa Kizingitini. Mwanawe yuko saiba, duka la intaneti, mbele ya kompyuta, na kijana wa saiba anauliza, "Baba anapata ngapi?" Mtoto anapiga simu. Baba, kwa fahari yake ya kiume, anakumbuka siku njema ya kaskazi na kusema samaki wa siku ile waliuzwa shilingi 4,000. Kijana anazidisha kwa 30, anaandika 120,000, anabonyeza. Foleni ni ndefu, naye anataka kumhudumia mwingine.

Ile 4,000 haikuwa ya baba. Ilitoka kwanza gharama ya mafuta na barafu. Likatoka fungu la chombo, maana mashua ni ya tajiri. Wakagawana nahodha na mabaharia. Aliyofika nayo nyumbani pengine ni 900. Tena hakwenda baharini siku 30. Kuna Ijumaa, kuna upepo, kuna jarife lililochanika. Tuseme miezi mitano ya kaskazi aliingiza 16,000 kila mwezi, jumla 80,000. Miezi saba iliyobaki, kusi likivuma na vyombo vimelala pwani, akapata wastani wa 6,000, jumla 42,000. Mwaka mzima ni 122,000. Gawanya kwa miezi 12: ni shilingi 10,000 na kidogo.

Angalieni tofauti. Kwa kipato hicho nyumba hii ingeingia bendi ya pili. Kwa kilichoandikwa, imesukumwa kwenye ya nne. Kama kozi inagharimu 200,000 kwa mwaka, bendi ya pili mzazi angelipa 20,000, na ya nne atalipa 60,000. Ni 40,000 za ziada kila mwaka kwa miaka minne, kwa sababu ya jibu moja la simu. Ni kweli kwamba hawaangalii kipato peke yake. Huangalia pia idadi ya watoto walioko shule, uyatima, ulemavu, eneo mnalotoka na kozi yenyewe. Lakini kila kimojawapo cha hivyo lazima mtu akiandike, na kijana wa saiba hajui kwamba una watoto watatu sekondari na mama mgonjwa ndani.

Basi nawaomba hivi. Kabla ya mtoto kwenda kujaza chochote, baba na mama wakae naye usiku mmoja na daftari. Andikeni mwezi kwa mwezi mlichoingiza baada ya kutoa gharama, kaskazi yake na kusi yake. Mwenye punda wa kubeba mawe, mama wa mahamri, fundi wa mashua, wote hesabu ni hiyo hiyo. Akina baba, hapa pana aibu ya kuwaambia watoto kwamba hatuna. Iwekeni kando usiku huo. Na wale wenye nyumba ya kukodisha wageni au duka kubwa wasijifanye mafukara ili mtoto wao ashuke bendi. Pesa hizo zina mwenyewe, na mara nyingi ni yatima.

Kuhusu yatima nina neno zaidi. Desturi yetu ni kumzika maiti siku ile ile, na ni desturi njema. Lakini mzee akifia nyumbani, mara nyingi hakuna anayekwenda kwa naibu wa chifu kuandikisha kifo. Miaka kumi baadaye mtoto anataka kuthibitisha kwamba hana baba, na karatasi haipo. Wajomba na ammi, hii ni kazi yenu. Ifanyeni wakati wa msiba, mashahidi wangali hai na chifu anaikumbuka siku yenyewe.

Tazameni na majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cheti cha mtihani Muhammad, kitambulisho cha baba kimeacha jina la babu. Kwetu ni mtu mmoja, mtaa wote unamjua. Mashine haiko mtaani. Nendeni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, mapema, mtoto angali kidato cha tatu, mkasawazishe. Kijana akitimiza miaka 18 atafute kitambulisho mara moja; ndugu zangu Wabajuni mnajua kuliko mimi jinsi karatasi hiyo inavyoweza kuzungushwa. Na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe. Nimewaona vijana waliofunguliwa akaunti kwa baruapepe na nambari ya mwenye saiba. Ujumbe wote wa bodi ukaenda kwake, naye akahamia Mombasa.

Sasa suala la riba, ambalo watu hunijia nalo kwa sauti ya chini baada ya sala. Mkopo wa HELB kwa mwanafunzi wa shahada una asilimia 4 kwa mwaka, na huanza kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kuna wazazi wanaosema hawataugusa, na wanalisema kwa imani. Sitoi fatwa, muulizeni mwanachuoni mnayemwamini, mweleze masharti yote kama yalivyo, na mfuate dhamiri zenu. Ila kuna nyumba nimeona zikikataa kila kitu kwa sababu ya mkopo. Ufadhili si mkopo. Haurudishwi, hauna nyongeza, ni pesa ya kodi ambayo hata wewe umeilipa ukinunua sukari. Kwa bendi ya pili ufadhili peke yake ni asilimia 60 ya karo. Ukiacha mkopo, jua kwamba fungu lake utalibeba wewe, ujipange na ukoo mapema. Usimkoseshe mwanao vyote viwili kwa kudhani ni kitu kimoja.

Wasichana. Mtoto wa kike akipangiwa Eldoret au Maseno, nyumba hutetemeka, na naielewa hofu hiyo. Njia ya Garsen tunaijua, na hana jamaa huko. Lakini kumfungia ndani si jibu la pekee. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, hufungua nafasi ya kubadilisha kozi kabla ya kupangwa, na baadaye nafasi ya kuhama chuo. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Chuo cha Kiufundi kiko Mombasa, cha Taita Taveta kiko Voi. Kaeni naye wakati wa kuchagua, si baada ya barua kufika. Na akipata kozi ambayo haiko karibu, kama ndiyo aliyoitaka, mpelekeni. Mombasa pana jumuiya za watu wetu, Nairobi vile vile; mtoto hapotei akiwa na watu wa kumuulizia.

Asiyepata C+ asidharauliwe. Stashahada huanzia C- na cheti D, na vyuo vya ufundi navyo vina mkopo wake. Gati la kwanza la bandari yetu lilifunguliwa Mei 2021, na wanaoendesha mitambo pale walifundishwa mahali fulani.

Basari za kaunti na za mfuko wa eneo bunge ziombeni, lakini msizijengee nyumba. Katiba imeiachia serikali kuu elimu ya vyuo vikuu, kaunti ikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya kijiji, na Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti alizisimamisha basari za kaunti kwa hoja hiyo, suala likafika mahakamani. Mzazi aliyekuwa akingoja basari ile peke yake aliona muhula ukimpita.

Kama mmekwisha kujaza na bendi mliyopewa si yenu, msinung'unike uwanjani Mkunguni. Kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti ile ile mliyoombea. Pelekeni hesabu ya daftari, barua ya chifu, na ithibati ya kila mtoto aliye shule. Walimu wakuu na wajumbe wa wadi, nanyi nawaomba jambo moja: wiki zile za maombi, wekeni mtu mmoja anayeijua fomu katika kila shule ya sekondari, na mwingine aende Faza na Kizingitini kwa boti, akae huko mpaka wa mwisho amalize. Gharama yake ni ndogo kuliko basari mnazogawa mkipigwa picha.

Mimi nipo Langoni. Mwenye fomu au barua ya chuo asiyoielewa aje baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, aje na mtoto mwenyewe na karatasi zote, pamoja na miwani yake kama anayo, maana tutasoma pamoja.

Wassalamu,
Mwalimu wenu mstaafu,
Langoni, Amu