Binti yangu anauliza kwa nini, nami bado nauliza mbona

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari hapa Mwanza. Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya urithi katika Kidato cha Nne, huchora ubaoni mraba wenye vyumba vinne, nikawaonyesha wanafunzi kwamba baba na mama wenye kinasaba kimoja kimoja cha selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), ambao wao wenyewe hawaumwi, wana uwezekano wa moja kati ya nne, katika kila mimba, wa kupata mtoto mgonjwa, aliyerithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili. Nilikuwa nikiuchora mraba huo hata kabla sijaoa. Mimi na mke wangu hatukupima. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na selimundu, wa pili naye vivyo hivyo, na yule wa kwanza tulimzika Aprili 2019 akiwa na miaka 7.

Binti yetu sasa ana miaka 9. Mwezi uliopita, baada ya kulazwa siku nne kwa maumivu ya miguu, aliniuliza kwa nini yeye ni mgonjwa na wenzake darasani si wagonjwa. Nilimjibu kama mwalimu. Nilimweleza kwamba chembe nyekundu za damu yake hupinda mithili ya mundu na kufa baada ya siku 10 hadi 20, ilhali za wengine huishi takriban siku 120. Na kwamba mwaka 1954 mwanasayansi aitwaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu ana kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika sehemu zenye mbu wengi kama hizi zetu za kandokando ya Ziwa Victoria. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, baba. Leo siumwi, naomba nikacheze." Akatoka. Mimi nilibaki pale sebuleni hadi giza likaingia, kwa kuwa nilijua jibu nililompa ni sahihi, na kwamba mimi mwenyewe halijanituliza hata siku moja.

Kiswahili kina namna mbili za kuuliza jambo hili. Anayesema "kwa nini" anatafuta sababu. Anayesema "mbona" mara nyingi ana uchungu tayari, na hata akipewa sababu hatulii. Ayubu alipofungua kinywa baada ya kufiwa na watoto wake, maswali yake katika Biblia yetu yanaanza na "mbona", na Mungu alipomjibu katika upepo wa kisulisuli hakumtajia sababu ya msiba wake.

"Mbona" yangu ni ya usiku mmoja. Saa nne usiku mwanangu wa kwanza alishikwa na homa. Kliniki walikuwa wametufundisha mara nyingi kwamba homa ya mtoto mwenye selimundu haingoji asubuhi. Mke wangu alimfunua kope, akaona weupe, akaanza kujifunga kanga. Mvua ilikuwa kubwa, nyumba yetu iko juu miambani, njia ya kushukia ilikuwa imegeuka mto, na kijana wa bodaboda tuliyempigia simu hakupokea. Nikasema tumpe dawa ya kushusha homa, kukipambazuka twende. Tulifika hospitali saa kumi na mbili na nusu. Malaria ilikuwa imeimaliza damu yake, na kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki. Daktari aliniambia kwa upole kwamba huenda hata tungefika usiku mambo yangekuwa yale yale. Hilo neno "huenda" ndilo ninalolala nalo. Msibani watu waliniambia kazi ya Mungu haina makosa, wakati mimi sikuwa na shaka na kazi ya Mungu. Iliyokuwa na kosa ni yangu.

Mzee mmoja wa kanisa letu amenishauri niiache jana na niishi leo, na sikumpuuza. Kwa wiki kadhaa nilijizoeza kuweka moyo wangu katika kile tu kilicho mbele yangu: madaftari ninayosahihisha, chungwa ninalommenyea binti yangu, sauti yake anaponisomea. Amani ilikuja kweli, na siwezi kuikana. Lakini kila ilipokuja nilijiona kama mtu aliyemwacha mtoto njiani akaendelea na safari, nikarudi mbio kwenye usiku ule ili nimkute.

Tena, leo ya nyumbani kwetu haikujitengeneza yenyewe. Asubuhi mke wangu humgusa binti yetu paji la uso, humtazama weupe wa macho, humpapasa tumbo upande wa kushoto kuona kama bandama imevimba, humpa dawa, humjazia chupa ya maji ya shuleni, kisha huendelea na siku yake, hata kuimba huimba. Begi la hospitali liko nyuma ya mlango, na kipimajoto kikionyesha homa tunaondoka saa hiyo hiyo, hata kama kuna mvua. Yote hayo tuliyapata kwa kuuliza kwa nini. Ndiyo sababu naogopa kwamba nikiacha kuuliza nitaacha pia kuwa macho.

Mke wangu hajawahi kunilaumu, wala hajawahi kuutaja usiku ule. Sijui kama utulivu wake ni amani aliyoipata kwa kuishi siku moja moja, au ni huruma anayonifanyia, na ninaona aibu kumuuliza.

Ninaomba unishauri mambo haya. Je, amani ya kuishi leo ni ya kudumu, au ni pumziko tu la mtu aliyechoka? Je, mzazi anaweza kuitua "mbona" yake bila kumtupa mtoto wake? Na lililo karibu zaidi: Juni hii binti yangu atatimiza miaka 10, na ameanza kuuliza kaka yake alifarikije. Mraba wa ubaoni nimekwisha kumwonyesha. Je, nimweleze na usiku ule, na kama ndiyo, nianze kwanza na yeye au na mama yake?

Wako,
Baba wa Watoto Wawili,
Mwanza