KUH: KICHUJIO KIMOJA CHA BARUA TAKA KWA WATUMIAJI WOTE, NA BARUA YA MGENI WANGU ILIYOFUTWA KAUNTANI

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Barua hii naileta kwa mkono, ikiwa imepigwa chapa na kutiwa sahihi, kwa kuwa baada ya yaliyonipata sina hakika kwamba ingesalimika kwenye seva yenu.

Mnajua wenyewe mlichoniuzia. Kifurushi cha barua pepe ninacholipia kwenu kinampa kila mtumiaji wa kikoa changu, yaani kila mwenye anwani inayoishia na jina la nyumba yangu, mipangilio yake ya kuchuja barua taka, ambayo anaweza kuibadilisha mwenyewe bila kuwapigia magoti. Sanduku la mapokezi katika nyumba ya wageni haliwezi kuchujwa kama la mhasibu. Mhasibu huandikiwa na watu wachache anaowajua, na adui yake ni ankara bandia. Kwake kichujio kikiwa kikali nashukuru. Kazi ya mapokezi ni kupokea barua za watu wasiowajua kabisa, na hapa Malindi wengi wao huandika Kitaliano, hutaja euro, na huweka alama za mshangao tatu tatu. Nyinyi mmewavalisha wote kanzu ya kipimo kimoja.

SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka ambayo fundi wenu aliniambia ndiyo mnayotumia, huipa kila barua alama za kushukiwa, na hutoka kwa watengenezaji wake ikiwa na kizingiti cha alama 5; barua ikikifikia huhesabiwa taka. Mmekishusha hadi 3 kwa seva nzima, kisha mkaongeza adhabu kwa barua isiyokuwa ya Kiingereza wala Kiswahili. Programu hiyo hiyo inamruhusu kila mtumiaji kuwa na kizingiti chake, lugha zake na orodha yake ya anwani anazoziamini, ziwekwe kwenye faili lake au kwenye hifadhidata. Hata ile sehemu inayojifunza kutokana na barua zilizopita, ambayo kwa kawaida haitoi alama mpaka ioneshwe barua taka 200 na barua safi 200, mmeifundisha kwa barua za wateja wenu wote zikiwa zimechanganywa, kana kwamba muuza vipuri vya pikipiki na mimi tunaandikiwa na watu wale wale.

Mgeni mmoja alinipigia simu kutoka Bologna akiuliza kwa nini nimempuuza. Nilipokuja kuiulizia barua yake, afisa wenu aliifungua, akawageuzia skrini watu waliokuwa kwenye foleni, akaisoma kwa sauti ya kuigiza, kisha akasema, "Sasa mzee, hii nayo kama si spam ni nini?" Watu wakacheka. Mama yule alikuwa akiuliza kama kiti cha magurudumu cha mumewe kinaweza kupita kwenye mlango wa chumba cha chini.

Kabla ya siku hiyo nilikwisha kulalamika kwa simu, nikajibiwa kwamba dawa ni kuzima kichujio kwa kikoa kizima, yaani mhasibu wangu aachwe wazi kwa matapeli ili mapokezi wapate barua zao. Na lau seva yenu ingeikataa barua ya mama yule waziwazi kwa jibu la 550, angearifiwa palepale. Badala yake ilimjibu 250, kwamba imepokewa, kisha ikaifungia katika karantini, yaani ghala la barua zilizozuiliwa, ambalo mimi siruhusiwi kuliona.

Narudia lililotokea kauntani, kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Mtu mliyemkabidhi barua za wateja wangu alisoma hali ya mgonjwa mbele ya foleni, na katika foleni hiyo alikuwamo jirani yangu mwenye nyumba za kupangisha Casuarina, ambaye wageni tunagombania wao hao. Nilipomwomba afisa huyo aiachilie ile barua iingie sandukuni, alisema hakuna kuachilia barua moja moja, akabofya, ikafutika nikiwa natazama.

Nilikusudia kuomba jambo moja tu, kwamba sanduku la mapokezi lipewe kizingiti chake na Kitaliano kikubaliwe. Ninavyoandika naona halitoshi. Irudisheni barua ile kutoka kwenye nakala zenu za akiba. Nipeni orodha ya kila barua ya kikoa changu iliyozuiliwa tangu kizingiti kiliposhushwa. Nirudishieni tofauti ya bei ya kifurushi ambacho sikukipata, na mumwandikie mgeni wangu barua ya kuomba radhi, kwa Kitaliano, kwa gharama yenu.

Nisipopata haya ndani ya siku 14, nitayapeleka yaliyotokea kauntani kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya Sheria ya mwaka 2019, na dai la fedha nitalifikisha katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Rekodi za MX za kikoa changu, zile zinazoonyesha barua zangu zipelekwe kwenye seva ya nani, ziko mikononi mwangu, na kuzielekeza kwa kampuni nyingine ni kazi ya dakika chache.

Nasubiri jibu la maandishi lenye jina na sahihi ya mtu. Ujumbe wa otomatiki wa kunipa namba ya tiketi sitauhesabu kuwa jibu.

Wenu,
Mwenye nyumba ya wageni,
Malindi