Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ugomvi Wetu na Tottenham Ulikoanzia

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum na salamu kwenu nyote. Hesabu atawasomea mweka hazina. Michango ya matanga haikukwama, nawashukuru.

Lililonikaa moyoni ni usiku ule wa mechi ya Arsenal na Tottenham, pale barazani kwetu Mji wa Kale. Dele la kahawa lilipinduliwa, vikombe vikavunjika, na majirani wawili waliosoma chuo kimoja hadi leo hawapeani salamu. Nikiokota vigae, kijana wetu mmoja akaniuliza, "Mwenyekiti, kwani hawa Tottenham walitufanya nini sisi mashabiki wa Arsenal?" Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na si tamu kwetu.

Arsenal si wenyeji wa kaskazini mwa London. Timu ilianzishwa 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mwa mto Thames. Ndio asili ya huo mzinga tunaouvaa kifuani. Watazamaji walipokuwa haba na fedha kukatika, Henry Norris, aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, aliihamishia Highbury, kaskazini mwa London, mwaka 1913, mwendo wa maili nne hivi kutoka uwanja wa Tottenham. Tottenham wenyewe walipinga, hawakusikizwa. Muuza mahamri yeyote wa hapa anajua uchungu wa mgeni kuja kutandika meza mtaani kwake.

Kilichotonesha kidonda ni 1919. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Daraja la Kwanza, ligi ya juu ya wakati ule, liliongezwa kutoka timu 20 hadi 22. Tottenham walikuwa wameshika mkia msimu wa 1914–15, lakini walitaraji kubakishwa, kama Chelsea waliokuwa juu yao kidogo. Sisi tulikuwa Daraja la Pili, na hata Barnsley na Wolves walitupita. Kura zikapigwa kuamua nani apate nafasi iliyobaki: Arsenal 18, Tottenham 8. Wao wakashuka, sisi tukapanda, na hatujashuka tena. Norris amesemwa sana kwa ile kampeni yake ya chinichini. Ushahidi wa hongo haukupatikana. Hata hivyo, wenzangu, nami ni Arsenal tangu utotoni: mwenye kinyongo cha haki hapa ni Tottenham.

Kwa hivyo kamati imekubali mechi ijayo tuwaalike mashabiki wao wa hapa mjini. Vikombe vipya vimenunuliwa. Wale majirani wawili nimewaendea majumbani mwao. Mmoja amekubali kuja. Mwengine bado namfuata.