Wale wa Galway zilikuwa koo 14, sio makabila

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mji wa Galway kule Ayalandi, mwandishi kaandika "makabila 14 yaliyotawala mji", nikaona hili siwezi kuliacha lipite maana mimi naishi hapahapa na kila siku nikienda kazini napita mbele ya nyumba ya mmoja wao.

Ukisema kabila msomaji wenu anawaza lugha, mila na watu malaki. Hawa walikuwa koo za wafanyabiashara ndani ya kamji kadogo kenye ukuta, akina Lynch, Blake, Bodkin, Joyce, Martin na wenzao, wanaoana wao kwa wao na kupokezana vyeo. Wengi asili yao Wanormani (watu waliotoka kaskazini mwa Ufaransa) na Waingereza waliokuja baada ya bwana wa Kinormani, Richard de Burgh, kuiteka ngome iliyokuwa hapo mwaka 1232, Kirwan na D'Arcy tu ndio wenye asili ya Kiayalandi. Hela ilitoka baharini, ngozi zinaenda, mvinyo wa Hispania na Ufaransa unarudi. Mwaka 1484 wakapata hati ya mfalme Richard wa Tatu wa Uingereza wachague meya wao, na hapo ndo akina Lynch wakakamata usukani, kuanzia 1485 mpaka 1654 umeya ulienda kwao mara 84. Ukoo mmoja jamani!

Sasa hilo jina. Linavyosimuliwa hapa, jeshi la Cromwell, yule kiongozi wa Uingereza aliyeivamia Ayalandi, lilipouzingira mji ukasalimu amri 1652, hawa matajiri Wakatoliki wakanyang'anywa mali, na askari ndo wakawaita "tribes", yaani makabila kwa Kiingereza, kwa kuwadharau. Wenyewe wakalibeba jina kwa fahari, mpaka kipilefti za mjini zikaja kupewa majina ya koo zao. Kwa hiyo ni tusi la mshindi, mkilitafsiri kuwa kabila bila maelezo mnampoteza msomaji kabisa.

Nyumba ya akina Lynch bado ipo Shop Street, mawe ya kijivu, nembo zimechongwa ukutani, leo ni benki. Na kipande cha ukuta wa mji kimo ndani ya jengo la maduka, watu wanakipita na mifuko yao ya nguo. Mimi nikifika pale huwa nakishika, jiwe la baridi, lina mashimo mashimo, halafu nawafikiria waliokuwa upande wa pili. Maana 1518 wakuu wa mji walipiga marufuku mtu mwenye jina linaloanza na O au Mac kutembea kwa maringo mitaani, yani Muayalandi kwenye nchi yake mwenyewe!

Naomba toleo lijalo mrekebishe muandike koo 14, na kama nafasi ipo muwataje na akina O'Flaherty, ukoo wa Kiayalandi waliokuwa nje ya ukuta, makala haikuwagusa hata kwa mstari mmoja.

Msomaji wenu,
Galway