Shangazi, lile baka lisilowasha

Shangazi yangu, shikamoo.

Sikutaji jina. Naandika hadharani kwa kuwa wenye baka kama lako ni wengi na wanalificha.

Siku ya arobaini ya babu ulishika kikaango cha vitumbua kwa mkono mtupu. Watu wakasifu, eti una mikono ya chuma. Mimi nilikiona kidole chako cha mwisho kimetoka lengelenge, nawe huna habari. Ulipopandisha mkono wa gauni nikaliona baka: limepauka, kavu, halina vinyweleo. Ukasema zahanati wamekupa dawa ya mba mara mbili. Shangazi, mba mara nyingi huwasha. Hilo haliwashi. Langu la pajani lilikuwa hivyohivyo, nikalipaka dawa za fangasi mwaka mzima.

Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya ndiye aliyenipima, kwa unyuzi wa pamba tu. Nilifumba macho, kila akigusa nionyeshe kwa kidole. Gotini nilionyesha. Juu ya goti nikaonyesha. Kisha kimya, nikafumbua macho nimuulize mbona ameacha, kumbe pamba imelala juu ya baka. Akanibonyeza mishipa ya fahamu kwenye viwiko, akachukua kipimo kwenye ndewe.

Ndiyo, ukoma. Usitafute aliyekuroga. Ni bakteria, Hansen wa Norway alimwona tangu 1873, na anaweza kukaa mwilini miaka 5, hata 20, kabla ya kujionyesha.

Dawa ni bure: rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6, au 12 kwa wenye mabaka zaidi ya matano kama mimi. Mkojo utakuwa mwekundu, ngozi itaiva weusi. Weusi wangu umefifia tangu nimalize. Mishipa ikiuma au baka likivimba, usiache dawa, rudi haraka upewe ya kutuliza, kabla vidole havijapinda. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote.

Najua unawaza wateja. Ukoma hauambukizi kwa kitumbua. Hupita kwa hewa, kwa kuishi karibu muda mrefu na asiyetibiwa, na ukishaanza dawa humwambukizi mtu. Wajukuu nao tuwapeleke wakaguliwe ngozi.

Jumatatu nakuja na basi la alfajiri, twende wote. Mpaka hapo, kikaango ukishike kwa kitambaa.